Neno Nililobadilisha Kwenye Kitambaa

Jumatatu, Alief, mtaa ninaoishi huku ughaibuni. Mvua haijakatika tangu asubuhi.

Kwa miaka mingi nimeuficha mwandiko wangu. Sasa naogopa kufa nao.

Jana kanisani waliniomba nifundishe historia kidogo, kwa kuwa nilikuwa mwalimu kwetu, mashariki mwa Kongo. Nikapeleka nakala mbili za sarafu ambazo Wayahudi wa kale walijitengenezea walipoiasi Roma. Sarafu za Roma zilibeba sura ya mtawala. Wao wakaweka maneno yao. Ile ya mwaka wa pili wa vita inasema, "Uhuru wa Sayuni." Ya mwaka wa nne, Warumi wakiwa wamekaribia, ina kikombe na matawi ya sikukuu, na neno limebadilika: "Kwa ukombozi wa Sayuni." Nikaeleza kwamba uhuru mtu huupigania mwenyewe, ukombozi humngojea Mungu.

Mama Zawadi akaiinua sarafu kwenye mwanga. Ndiye huniletea sahani ya sombe, majani ya muhogo ya kwetu, kila Jumamosi tangu miguu yangu ilipoanza kunikataa. Mumewe, Elia, alikuwa mwalimu mwenzangu. Aliuawa vitani.

"Mwalimu, ule mwenye alibadilisha neno, alikuwa anajua kama wameshindwa?"

"Historia haisemi, Mama."

"Ah! Mwalimu leo ameanguka mtihani!"

Wakacheka. Nami nikacheka.

Waasi walipoushika mji wetu, mimi ndiye niliyewaandikia vitambaa vya kutundika barabarani. Mwanzoni niliandika "Uhuru." Jeshi la serikali lilipokaribia, kamanda akataka maneno mengine, watu wasikimbie. Nikaandika, "Ukombozi wa Bwana u karibu."

Elia alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Akasimama chini ya kitambaa, akasoma, akarudi nyumbani kuifungua.

Nilimwona. Nikanyamaza.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Hilo haliniogopeshi kama sahani ya Jumamosi. Binti wa Mama Zawadi humsomea blogu hii, kwa hiyo kufikia siku hiyo atakuwa amejua. Nitakaa sebuleni nikisikiliza magari, nisijue ninaomba aje au asije.

Mama Zawadi, nilikudanganya mbele ya kanisa. Aliyebadilisha neno alijua. Mizigo yangu ilikuwa imeshavuka mpaka kabla rangi ya kitambaa haijakauka.