Bei ya Ghorofa ya Tisa

Cheongju,
mwisho wa Novemba

Kwa dada yangu mpendwa Ok-rye,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na shemeji. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii ya huko Namhae? Vitunguu saumu mmeshavipanda vyote, au shemeji bado anabishana na mgongo wake? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na ulimi wangu ni ule ule unaoujua. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huniachii nafasi. Nikifungua mdomo tu, umeshakata.

Najua hasira yako. Umeona kwenye tovuti ya serikali kwamba nyumba yangu ya ghorofa ya tisa, ile niliyokuwa naipangisha, imeuzwa won milioni mia mbili na tisini, wakati ya jirani iliuzwa karibu mia nne mwezi mmoja kabla. Ukaniuliza kama na mimi nimeanza kuchanganyikiwa kama marehemu mama. Ukasema pia kwamba serikali haina adabu, kuanika bei za nyumba za watu kama nguo za ndani kwenye kamba. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo, dada. Unakumbuka mimi na marehemu mume wangu tulivyonunua nyumba yetu ya kwanza, zamani zile bei ilipokuwa siri ya dalali? Alituapia kwamba jengo zima limelipa hivyo hivyo. Tulipohamia, jirani wa mlango wa pili alisikia tulicholipa, akatucheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo nimesema bei ikae juani, na leo bado nasema.

Ila safari hii jua limeniunguza mimi mwenyewe, sikufichi. Bei ilipotokea kwenye simu za watu, kundi la akina mama wa jengo letu liliwaka moto. Kiongozi wao ni Mama Chan-u, yule wa nywele za mawimbi aliyelia kwenye msiba wa mama kutushinda sisi wafiwa. Mwaka jana nyumba moja ilipouzwa ghali, huyo huyo alitaka bei iandikwe kwenye bango langoni. Sasa eti bei ni siri ya mtu na serikali inaingilia maisha ya watu! Nilimwuliza kama siri huanza pale bei inaposhuka. Akanijibu kwamba nimewapunguzia wote mali yao kwa sahihi moja, na kwamba mtu aliyekunywa chai yao miaka yote hii hakupaswa kuwafanyia hivyo.

Mimi wangeniweza? Thubutu! Wakawageukia walionunua. Ni wapangaji wangu wenyewe, kijana mmoja Han-gyeol na mkewe Da-on, wana mtoto anayetambaa. Walipopata hati walitengeneza keki za mchele zenye maharage mekundu, wakapita mlango kwa mlango kuzigawa, kama afanyavyo kila anayeingia kwenye nyumba yake. Hakuna aliyewafungulia. Watu walikuwa ndani, televisheni zinasikika. Da-on akavitundika vifurushi kwenye vitasa vya milango, na asubuhi akavikuta vyote vimerundikwa mbele ya mlango wake. Alinijia amebeba sinia, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba labda wauze wahame, maana hataki mwanawe akulie mahali ambapo hakuna anayemsalimia. Roho iliniuma sana, dada. Niliwauzia ili wakae, si ili wafukuzwe.

Siku ya kuchachusha kabichi za kimchi za jengo zima, nilishuka na glavu zangu bila kualikwa na mtu. Da-on naye nikamlazimisha ashuke. Tukiwa tumechutama kwenye marundo ya kabichi, Mama Chan-u akaanza kunibembeleza. Alisema ugomvi wa nini, nitamke neno moja tu. Bei ya kuuziana ndugu kwa ndugu madalali hawaihesabu. Mteja akiiulizia, wanamwambia hiyo achana nayo, ni mambo ya kifamilia, na nyumba nyingine zinabaki na bei yake. Kwa hiyo niseme tu kwamba yule kijana ni ndugu yangu. Wote wakaacha kazi, mikono imejaa pilipili, wananitazama. Da-on alikuwa pembeni, mtoto mgongoni, anaosha kabichi ambazo hakuna aliyemwomba aoshe.

Na mimi, mtetezi wa bei za wazi, nikasema ndiyo, ni mtoto wa dada yangu Ok-rye wa Namhae.

Ungewaona! Kumbe! Si ungesema mapema, wewe mwanamke mkorofi! Mama Chan-u akachana jani la kabichi, akaviringishia kipande cha nyama, akamlisha Da-on kwa mkono wake mwenyewe. Mmoja akauliza mbona kijana ni wa ukoo wa Pyo na mimi siye. Nikajibu bila kupepesa jicho kwamba dada yangu aliolewa kwa akina Pyo. Shemeji, mzee mzima wa akina Gwak, anisamehe. Hapa kwetu sasa yeye ni Pyo, na asije kunitembelea bila kunipigia simu kwanza.

Sheria usiiogope. Ofisini niliandika bei ya kweli, na kwamba hatuna undugu wowote. Bei ipo pale, kila mtu aione. Sababu yake ndiyo yangu, na leo nakupa wewe.

Uongo ule sikuutunga mimi, dada. Ni wa mama. Miaka yake miwili ya mwisho, akili ilipomtoka, alikuwa akinitoroka, anapanda lifti, anashuka ghorofa ya tisa na kugonga kwa Han-gyeol. Alisema amekuja kumwona mtoto wa Ok-rye. Mara ya kwanza nilikimbia kumchukua, nimejaa aibu. Nikamkuta amekaa kwenye sakafu yenye joto, kijana anamlisha uji kwa kijiko, na mama anamwuliza kama mama yake, yaani wewe, bado anasumbuliwa na magoti. Akamjibu kwamba ndiyo, bibi, ila anaendelea vizuri. Hakuwahi hata mara moja kumwambia kwamba amekosea mlango. Sikukueleza, kwa sababu najua wewe na shemeji mlivyolilia mtoto miaka yote ile, nikaogopa kukutonesha kidonda. Lakini mama alikufa akijua una mtoto wa kiume mwenye adabu. Sasa niambie wewe, nyumba ile ningemwuzia kwa bei gani?

Mwaka mpya wa kalenda ya mwezi ukifika, Han-gyeol na mkewe wanataka kuja huko kuwainamia wewe na shemeji na kuwapa salamu za wazazi, maana wazazi wa kijana walishafariki. Ukikataa, niandikie, nitawaambia kwa upole. Ukikubali, usihangaike na barua. Tuma vitunguu saumu kama kila mwaka, ila safari hii mafungu mawili, na moja uliandike ghorofa ya tisa.

Msalimie sana shemeji, kwa jina lolote atakalolikubali. Vaa soksi nzito, na usipande ngazi za ghalani peke yako.

Ni mimi mdogo wako mwenye kelele,
Bun-im