Nani Mwingine Anaishi Hapo?

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Barua ya bima. Kampuni yetu ya zamani inafunga biashara. Ya nyumba na ya gari, zote zinakwisha mwisho wa mwezi. Benki nao wamepiga simu: njoo tawini, Bi. Prosser, tukukatie zote mbili pamoja, utapunguziwa. Miadi Alhamisi. Sina pa kukwepea. Mkopo wa nyumba haujaisha, na mkataba unasema wazi lazima iwe na bima ya moto. Tangu mume wangu Emrys afe, mambo haya yote ni mimi.

Gethin ana siku ya nne nyumbani. Mtu wa miaka thelathini na mbili ananiomba ruhusa kufungua friji! Nikamwambia, mwanangu, hapa si jela. Najua, Mama, akasema. Halafu akauliza kama anaweza kuchukua maziwa.

Jumanne, 5 Novemba

Fataki mtaa mzima tangu jua lizame, kama kila tarehe tano Novemba. Uwanja wa nyuma wamewasha moto mkubwa, watoto wanapiga kelele. Gethin kakaa jikoni, kalipa dirisha mgongo. Nikavuta mapazia.

Siku aliyofukuzwa kazi alilewa akaenda kuchoma ghala la mazulia la bosi wake, ndicho kilichomfunga. Hakukuwa na mtu ndani. Hilo ndilo ninalojishikiza nalo.

Tumekula soseji. "Tamu," akasema. Basi.

Alhamisi, 7 Novemba

Benki. Aliyenipokea ni Lowri! Nilimpikia shule ya msingi, sasa kavaa suti, karudi kutoka Cardiff mwezi uliopita tu. "Bi. Prosser! Wewe ndiye uliyekuwa ukiniongezea kastadi kwa siri!" Tukacheka hadi mlinzi akageuka.

Kisha maswali. Paa la nini? Gari linalala wapi? Barabarani, mbele ya nyumba. Nani mwingine analiendesha? Hakuna. Nani mwingine anaishi hapo? Mwanangu, nikasema — kwa fahari, mjinga mimi.

"Na kuna yeyote hapo nyumbani aliyewahi kutiwa hatiani mahakamani?"

Hata macho hakuinua. "La kawaida tu hilo. Wote husema hapana." Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nikamwambia nimesahau karatasi za gari. Zilikuwa kwenye mkoba, mapajani mwangu. Miadi mpya Alhamisi ijayo.

Ijumaa, 8 Novemba

Dada yangu Nerys kaja na mkate wa zabibu. Nikamweleza. Hakufikiri hata kidogo.

"Sema hapana! Nani atajua?"

Wakigundua, nikamwambia, hiyo bima itafaa kufungia chipsi tu.

"Watagundua nyumba ikiungua. Na nani ataiunguza?"

Akasikia mwenyewe alichosema. Gethin alikuwa kwenye ngazi, soksi miguuni, kikombe mkononi.

Nerys akatafuta koti lake muda mrefu sana. Hakumuaga.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani peke yangu. Gethin hakutaka. Mchana tumemenya viazi pamoja. Akaniuliza, bila kuniangalia: "Kisa ni mimi, sivyo? Hiyo bima." Nikasema asijipe ukubwa. Akacheka! Mara ya kwanza tangu arudi. Kicheko cha baba yake kabisa. Nikajifanya vitunguu vinaniumiza macho — na hatukuwa tukikata vitunguu.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimepigia benki, namba ya jumla, bila kutaja jina. Kama mtu aliwahi kufungwa kwa kuchoma moto? Kijana akasema pole sana, mama, hao hatuwachukui kabisa.

Afisa anayemsimamia Gethin tangu atoke jela alinipa namba ya kampuni nyingine, inayokubali watu kama sisi. *Watu kama sisi.* Mama wa huko mpole ajabu. Wizi, sawa. Dhoruba, sawa. Bomba kupasuka, sawa. Moto, hapana. Na moto ndio benki wanaoutaka!

Gethin alikuwa anarekebisha bawaba ya mlango wa stoo. Akauliza nilikuwa naongea na nani. Nerys, nikasema. Sijui kwa nini nilimdanganya.

Jumatano, 13 Novemba

Kitanda cha Gethin kimetandikwa. Blanketi limekunjwa pembe kwa pembe, kama walivyofundishwa kule. Na kijikaratasi: amepata pa kulala Swansea, hosteli, rafiki kamsaidia. *Sasa ukijibu hapana si uongo. Usinitafute kabla hujasaini.*

Naandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Pumzi moja tu, lakini nilihisi. Mungu anisamehe. Halafu nikaketi kitandani pake, nikalia hadi chai ikapoa mkononi.

Simu yake haipokelewi.

Alhamisi, 14 Novemba

Lowri alikuwa na mafua. Akanipa biskuti. Akasoma aliyokwisha kuandika, akafika pale.

"Unaishi na mwanao, sio?"

Amehama, nikasema.

"Oh. Amepata kazi?"

Swansea, nikasema. Akafurahi kwa ajili yangu! Akafuta jina lake kwenye kompyuta, naona hivi hivi. Gethin Emrys Prosser, herufi moja moja kutoka mwisho, hadi pakawa peupe. Kisha lile swali. Hapana, nikajibu. Akabonyeza. Nyumba na gari, nikasaini mara nne. Akanishika mkono: "Sasa ulale kwa amani, Bi. Prosser."

Nimerudi na mvua. Gethin kaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kalowa chapachapa. Hosteli wameahirisha, hakuna kitanda hadi Jumatatu. Eti amefuata koti lake tu.

"Umeshasaini?"

Nimesaini.

"Basi nipe koti niende."

Uende wapi? Nikamwambia ingia, mpumbavu wewe, utaugua. Akatikisa kichwa. "Nikiingia, umewadanganya." Na anasema kweli. Karatasi ninayo hapa mezani, ukurasa wa pili: anayeishi nyumbani akibadilika, wajulishwe mara moja.

Nimemwambia mara tatu aingie. Koti sijampa. Nimelikalia, ndiyo, nimelikalia kitini kama mtoto, na naandika ili mikono ipate kazi.

Supu imechemka. Nimepakua sahani mbili. Mlango nimeuacha wazi, mvua inaingia hadi kwenye zulia dogo.

Hajainuka.