Chumba na Ufunguo Yake

Baba Wanjala,

Ni mimi, bibi yako. Anaandika ni Nekesa, mjukuu wetu. Mimi naongea tu, na nimemwambia asiruke kitu.

Nimeshinda, mzee! Wacha nianzie hapo, maana nikianza mambo ya mahindi nitasahau. Ingawa mahindi pia imefanya vizuri.

Unakumbuka ile siku ulitoka Kitale na kitasa umefunga kwa gazeti? Wakati huo ulikuwa unapikia mapadre kule Kiminini, na yule padre mzee alikuwa anakufundisha Kilatini ukikanda mkate. Ukaweka kitasa kwa chumba yangu hapa Bokoli, ukasema, "Hii sasa ni konklave." Ati ni neno ya Warumi: kon ni pamoja, klavis ni ufunguo. Chumba yoyote, hata ya kulala, bora inafungwa na ufunguo yake. Mambo ya kufungia makadinali ndani wachague Papa ilikuja baadaye sana. Ndugu yako Makokha akacheka mpaka akamwaga chai. "Mwanamke kufunga mlango kwa boma ya mume? Na wewe mpishi, hiyo Kilatini ulipakua kwa sufuria gani?"

Basi ukatuacha. Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, ukoo wakagawa vitu zako. Koti alichukua Makokha. Imembana, anatembea kama mtu amemeza mwiko. Halafu akanyoosha mkono: "Leta ufunguo." Alijua taito, ile hati ya shamba, iko ndani ya chumba. Nikamwambia, "Shemeji, koti ni yenu. Chumba alinipatia na ufunguo yake, na akaeleza kwa nini." Wakacheka wote. Miezi mingi nimelala na huo ufunguo kwa leso, kiunoni. Nililia pia, sikufichi.

Halafu Papa akafariki. Jumapili padre wetu, huyu kijana, akasimama kueleza konklave. Kon, klavis, chumba ya kufungwa na ufunguo, vile tu ulisema! Kanisa yote, maana walijua vile alikucheka, ikageuka kuangalia Makokha, amekaa hapo na koti yako. Nikapiga vigelegele katikati ya misa. Nekesa anasema hiyo tuache. Andika!

Kesho yake Makokha akakuja na wazee wawili wa ukoo. Huyo mtu tangu niolewe hajapiga hodi hapa, huwa anaingia tu kama kuku. Siku hiyo akasimama nje. "Hodi, Mama Wanjala." Nikamaliza kwanza kuchambua maharagwe. "Karibu, shemeji." Wazee wakasema marehemu hakuwa mtu wa kubahatisha maneno: alichopeana na ufunguo, alipeana na vyenye viko ndani. Makokha akasema mbele yao hataulizia tena. Nikampa chai. Hakumwaga.

Sasa pumzika, mzee wangu. Ulisema ukweli na ukachekwa, nami nilikuwa naogopa nitakufa wakiendelea kucheka. Nakuahidi, siku yangu ikifika, ufunguo ni ya Nekesa, na lile neno ameshajua.

Na Makokha akitangulia kufika huko, usimfungulie haraka. Mwache apige hodi.