Jibu Lililotangulia Ombi

Deo, nimeharibu. Nimeharibu kabisa ndugu yangu

Nipo kijiwe cha bodaboda Ilongero, natoka kwa akina Hana. Nilienda kumsalimia tu baba yake, mzee Alute, anizoee kabla sijatuma mshenga

Shikamoo nikatoa vizuri. Akauliza nafanya kazi gani. Badala ya kujibu "kompyuta" tu yakaisha, nikaanza kumfundisha kama mwalimu darasani!

Nikamwambia, "Mzee, simu yako ikiomba ukurasa wa mtandao, seva, yaani kompyuta inayoutunza, inajua ukurasa huo utahitaji na picha. Haisubiri simu iziombe, inazituma kabisa. Kama mama hapa. Nimeomba maji tu, kaleta na ugali na mlenda."

Mama akacheka. Hana akacheka. Mimi kichwa kikavimba

Mzee hakucheka. Akanawa mikono taratibu. "Kwa hiyo anayejua unachotaka anatanguliza jibu?"

"Ndiyo mzee!" Deo, niliitikia kwa furaha. KWA FURAHA!

"Basi mshenga wako asijisumbue. Jibu ni hapana. Kula, mlenda unapoa."

Nikala, Deo. Na nikaongezwa ugali bila kuomba