Mafuta ya Kondoo Kwenye Simu ya Koko

Noonkopir,
Kitengela.
13 Desemba 2024

Mpendwa Anti Nalangu,

Takwenya, Anti. Hapa nimeinamisha kichwa unishike utosini, hata kama uko Doha. Joto la huko linakutendeaje? Na ule mguu uliokuwa ukifa ganzi? Sisi tuko wazima. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini kazini anaenda. Kajiado mvua imenyesha, si sana, ng'ombe wamepata kitu cha kuuma.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu unanijua, nasema "eeh" na "sijui" mpaka kredo yako inaisha. Rafiki yako Whitney anarudi huko Jumapili, amekubali kubeba bahasha. Tangu juzi naanza barua hii na kuikunja. Nakaa, nasimama, nafagia mahali nimeshafagia.

Usione Koko amekunyamazia. Simu ya huyu nyanya wetu ilikataa chaji wiki nzima. Sasa imepona, na aliyeiponya ni mimi.

Unajua tangu nimalize kidato cha nne niko kwa kibanda cha Fundi Kisilu, tunatengeneza simu. Mama husema napitisha tu wakati nikingoja chuo. Nikiwa kule nyuma ya kibanda niko sawa, simu hainiangalii usoni. Fundi hakubali tubadilishe kitu kabla ya kusafisha na kupima. Wengine hapa, simu ikikataa chaji, wanang'oa tundu la chaji wanaweka jipya, na kesho mwenye simu amerudi na shida ileile. Sisi mara nyingi tunatoa vumbi tu kwa mswaki na spiriti, na mtu anaenda nyumbani.

Sasa Fundi anataka kuweka meza Kajiado karibu na soko, na anataka niikalie mimi. Peke yangu, Anti, mbele ya watu. Jumanne alinipeleka kujaribu, akaenda kutafuta chai na kuchelewa makusudi. Mzee mmoja akauliza, "Msichana, fundi yuko wapi?" Nikasema ni mimi, kwa sauti ya panya. "Basi mwambie huyo anayeongea atoke chini ya meza," akasema, na benchi lote likacheka.

Koko akafika na simu yake katikati ya hicho kicheko. Nikaifungua. Kwenye tundu la chaji kulikuwa na kitu cheupe kimeganda, na harufu kama ya boma siku ya kuchinja. Alikuwa ameipaka mafuta ya kondoo. Nikamuuliza sikioni, nisimwaibishe. Yeye akajibu kwa nguvu:

"Mkanda wangu wa ngozi naupaka na haujawahi kupasuka. Hii nayo ilikuwa inakwaruza waya ukiingia, ningeiacha?"

Wakaangua kicheko tena. Masikio yakaniwaka, na maneno yakatoka kabla sijayapanga: "Hata zenu ziko na ugoro ndani. Wekeni hapa niwaonyeshe."

Halafu yule mzee akaweka yake wa kwanza. Nikamaliza ya Koko, nikapima, chaji ikaingia. Hakuna kitu nilichobadilisha. Fundi aliporudi alikuta foleni.

Anti, nisamehe. Ile nafasi ya uuguzi uliyonitafutia sitaichukua. Najua ulivyowabembeleza watu. Ningekudanganya kwamba ni kwa sababu nikiona damu naona giza, na hiyo ni kweli, lakini si hiyo. Ile meza naitaka. Naiogopa, na bado naitaka. Fundi anangoja jibu Jumatatu.

Mama hajui. Jana nilimsikia akimsimulia jirani vile nitapendeza kwa sare nyeupe. Nikatoka nje nikaanika nguo ambazo hazikuwa zimefuliwa vizuri.

Koko anakusalimu, anasema umpigie Jumapili yoyote akitoka kanisani. Wadogo zangu Soipan na Timothy wanakusalimu pia, Timothy ameng'oka meno ya mbele. Enkai akuwekee kivuli huko kwenye jua, na wakubwa wako wakuone wewe ni mtu.

Bahasha hii sitampa Whitney kabla sijamwambia Mama, kwa mdomo wangu, nikiwa nimemwangalia. Kwa hivyo kama unaisoma, jua nimesema.

Mimi mtoto wako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,
Resian