Vikombe vya Shaba vya Babu Verl

Mpendwa Mshauri, nakuandikia nimesimama jikoni, mtoto kalala begani, kwa hiyo unisamehe mwandiko, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana hiyo ndiyo siku baba mkwe wangu, Verl, anapowasha oveni yangu.

Tangu mama mkwe afariki tunaishi naye, na mwanzoni alikuwa hasemi kitu, analisha ng'ombe, anarudi, anakaa, mpaka mume wangu Kelby alipoitoa ghalani mashine ya mkono ya mzee ya kutengenezea risasi na kuifunga kwenye meza ya chumba cha kufulia, ndipo akaturudia. Anaokota maganda ya risasi ndogo kwenye uwanja wa shabaha, anayazungusha kwenye pipa la umeme lenye chenga za maganda ya kokwa za jozi hadi yang'ae, anayaoka kwenye oveni hiyo hiyo ya mikate yangu ili shaba ilainike, halafu anayasukuma kwenye kalibu moja moja, ule ukingo wa chini unanyooka na ganda linakuwa kikombe chembamba, humo anatia kipande cha madini ya risasi na kukibana mpaka itoke risasi mpya ya kuwapigia kindi wanaotoboa mashamba. Kila moja anaipima kwenye mizani, na ikizidi nyingine kwa uzito wa kope anaitupa.

Mimi nafanya kazi jiko la shule, kwa hiyo binti yangu Delphie anashinda na babu yake. Anachukua vile vikombe vitupu, anavipanga sakafuni.

"Babu, chai."

"Loo, ya moto hii! Sukari umetia?"

"Tele!"

Na Delphie mwenyewe anakiweka kikombe chake mdomoni, anakunywa, na mimi nilikuwa nasimama mlangoni nacheka.

Juzi kliniki wakanipigia simu kwamba damu ya Delphie waliyoipima ina madini ya risasi kupita kiwango. Nesi akaniuliza kama nyumba ina rangi ya zamani, nikasema hapana, akauliza kuna mtu anayeshika bunduki, nikamwambia, "Dada, hapa Arco uliza nani hashiki."

Nilipomwambia Kelby akasema, "Mimi nimekulia humo humo, si mzima?"

"Mzima gani, unatafuta funguo za gari na umezishika mkononi?"

Akacheka, kisha akashusha sauti. "Ukimnyang'anya Baba ile mashine, tutamzika na yeye."

Basi mzee sikumwambia, mtoto nikampeleka kwa jirani. Jana mzee akaniuliza, "Mkwe, nimekukosea nini?" Nikamwambia Delphie ana mafua. Akachagua vikombe vinavyong'aa zaidi, akavitia kwenye kopo, eti vimsubiri apone.

Nifanye nini?

Mama Delphie, Arco

JIBU

Mama Delphie, pole, lakini hayo mafua yaishe leo.

Umejiwekea mizani mtoto upande huu na mzee upande ule, wala hakuna aliyekuambia uchague. Kinachomdhuru mtoto ni vumbi. Ganda lililokwisha kupigwa hubaki na masizi ya baruti ya kuwashia, na masizi hayo yana madini ya risasi. Lile pipa linayarusha hewani, oveni inayapokea, na mtoto anayanywa kama chai.

Kelby anasema alikulia humo. Nani aliwahi kumpima? Mwambie aache kuongea, aibebe ile meza na mashine yake aipeleke ghalani, na pipa pia. Oveni nayo iende huko moja kwa moja, sasa ni ya mzee. Tafuta nyingine, hata kuukuu, na mikate isubiri. Sakafu ifutwe kwa maji na sabuni, isifagiwe kavu. Mzee akitoka ghalani aache huko shati na viatu, anawe vizuri kwa sabuni, ndipo ambebe mjukuu wake. Vile vikombe usivioshe ukamrudishia, viondoe vyote, na kopo lake. Muulize nesi mtoto apimwe tena lini na ale nini, ufuate atakavyosema yeye, si ninavyosema mimi.

Sasa nikugombeze. Mzee aliyetoka kwenye ukimya wewe umemrudisha humo, kwa huruma. Anadhani amekukosea. Unamwogopea bure: mtu anayetupa risasi kwa uzito wa kope atadharau namba ya damu ya mjukuu wake? Keti naye mezani, mwonyeshe kipimo cha kliniki na kiwango chake, umwachie asome mwenyewe. Atakisoma mara ya pili. Usiondoke.

Halafu mnunulie Delphie vikombe vya plastiki, viwe vikubwa asiweze kuvimeza, umwite babu yake mwenye shati safi akae sakafuni. Wewe huna muda wa kuuliza kama sukari imetiwa. Yeye anao.