Sensa Niliyoibadilisha Ndani ya Eda

Baba Nuru,

Eda yangu iliisha jana. Miezi minne na siku kumi sikutoka nje ya geti. Nikilala mchana huamka sijui kama ni asubuhi au alasiri, na kila nikiamka naisikia van yako ikirudi kutoka Kizingo baada ya kuwashusha watoto wa shule. Nainuka nikutilie chai. Nikichungulia dirishani, van iko uani pale pale, imefunikwa turubai. Nalia, narudi kulala.

Nduguyo Athman ndiye aliyeniamsha siku moja. Alikuja kuiwasha, ikatoa moshi mweusi, ikakohoa, ikazima. "Gari hili lishakufa, shemegi," akasema nyuma ya pazia. "Ukitoka eda, na liuzwe."

Ningemwambiaje kwamba nataka kuliendesha mimi? Hakuna ajuaye kwamba ulinifunza, zile Jumapili baada ya alfajiri, barabara za Kizingo hazina mtu, nawe unanipigia kelele, "Klachi hiyo, mke wangu, si mende!"

Nikatuma aitwe Fundi Charo wako. Maskini, hakukubali kuingia uani nami niko ndani ya eda. Alisimama nje ya geti la mabati, nikaiwasha van, akasikiliza. Akasema ni sensa ya oksijeni, ile iliyofungwa kwenye bomba la ekzosi, inayonusa moshi na kuiambia injini itie petroli kiasi gani. Imeharibika, ndiyo maana injini inakunywa ovyo. Kesho yake akanipitishia mpya chini ya geti, pamoja na spana. Niiwashe injini kidogo kwanza, akasema, chuma kikipata moto hulegea.

Nilitandika mkeka nikaingia chini ya gari na nguo zangu za eda. Ungeniona ungecheka mpaka ukohoe. Waya ulichomoka vizuri, lakini sensa yenyewe iling'ang'ania. Nikafanya ulivyokuwa ukifanya wewe kwa kila kufuli na kila bawaba: nikaitia mafuta ya nazi. Bomba lilikuwa na moto bado. Harufu ilipopanda ilikuwa ya nywele zako, siku ya Ijumaa, ukijitengeneza kwenda msikitini. Sikuweza kusogea. Nililala pale nimefumba macho, nina hakika kabisa kwamba nikigeuza shingo nitaiona miguu yako kando ya gurudumu. Sijui nilikaa muda gani.

"Mama, uko?" Fundi Charo akaita nje ya geti, harufu imemfikia. "Hiyo mpya usiitie mafuta! Mafuta ya nazi si dawa ya kila kitu!"

Nami nilikuwa nimeshachovya kidole. Nikajifuta kwa leso, nikaivuta spana kwa nguvu zangu zote, na ile ya zamani ikaachia. Mpya nilianza kuizungusha kwa vidole, nikaikaza, nikarudisha waya. Nilipoiwasha van ilinguruma sawasawa, na moshi mweusi sikuuona. Nje ya geti Fundi Charo alipiga makofi peke yake.

Leo asubuhi nimemwambia Athman gari haliuzwi, watoto nitawapeleka mimi. Akauliza ni nani aliyenifunza. Nikalitaja jina lako, mara ya kwanza tangu wakuchukue kwenda kukuzika. Akaenda mwenyewe kulikunja turubai.

Wanawake hatukukusindikiza makaburini, kwa hivyo sikujua umelazwa wapi. Athman ameniambia ni upande wa barabara, karibu na ukuta. Basi nikishapata leseni, kila asubuhi nikiwa na watoto nitapita hapo polepole, vioo nimevishusha. Sitapiga honi. Wewe lala tu, mume wangu.

Mama Nuru